Mwili uliobaki mlimani: kumlilia mtu ambaye hakurudishwa nyumbani

Jambo tunalotaka kulieleza leo lilianzia kwenye kilio. Tulikuwa tumekaa jioni na familia moja ya kanisa letu la mtaa, watu wakizungumza kwa sauti ya chini, na kijana mmoja akatoa simu yake akatuonyesha picha ya Mkenya aliyefia juu ya mlima Everest. Akauliza: «Pasta, wamemwacha kule juu. Tena familia yenyewe imekubali. Huko si kumtupa mtu?»

Kila mmoja alikuwa na jibu. Mzee mmoja alisema kwamba kwao mzazi hawezi kupata usingizi ikiwa mtoto wake amelala nje kwenye baridi. Sisi nasi, kwa haraka ya kutaka kufunga mazungumzo, tulisema kwamba mwili ni udongo tu, na udongo ni udongo mahali popote. Mama mmoja aliyeketi karibu na mlango akasimama, akatoka. Tulikuja kukumbuka baadaye, kwa aibu, kwamba mume wake alizama katika ziwa Kivu miaka mingi iliyopita na hakuonekana tena. Tulikuwa tumemjibu kijana, tukamwumiza mama.

Tangu siku ile tumesoma na kuuliza juu ya kifo hicho, na juu ya namna wapanda milima wanavyowalilia wenzao. Tuliyoyapata yamebadili jibu letu, ndiyo maana tunayaandika.

Cheruiyot Kirui na mwenzake

Joshua Cheruiyot Kirui alikuwa mfanyakazi wa benki ya KCB nchini Kenya, mwenye umri wa miaka 40. Mlima Kenya aliupanda mara nyingi, na Wakenya wanaopenda milima walimjua vizuri. Mwezi wa Septemba 2023 alifika kilele cha Manaslu huko Nepal, mita 8,163, bila kutumia oksijeni ya chupa. Mwezi wa Mei 2024 alikwenda Everest na nia hiyo hiyo: kuwa Mwafrika wa kwanza kufika juu kabisa bila chupa. Mkenya mwenzake, James Kagambi, alikwisha kufika kilele hicho Mei 2022, akiwa na miaka 62, lakini kwa msaada wa chupa, kama wanavyofanya karibu wapandaji wote.

Kirui hakwenda peke yake. Pamoja naye alikuwa Nawang Sherpa, kiongozi wa njia kutoka Nepal, mwenye miaka 44, aliyechukua chupa za oksijeni za dharura. Tunaomba msomaji alishike jina hilo, kwa sababu katika habari nyingi lilipita kwa mstari mmoja tu.

Asubuhi ya tarehe 22 Mei mawasiliano na watu hao wawili yalikatika. Kwa habari zilizotangazwa kutoka Nepal, Nawang alikuwa amezungumza kwa redio na watu wa kambi, akieleza kwamba mwenzake amebadilika, hakubali kurudi wala kupokea oksijeni. Kesho yake mwili wa Kirui ulionekana, mita chache tu chini ya kilele. Nawang hakuonekana.

Hewa ya kule juu

Ili kuelewa kifo hiki ni lazima kwanza tuelewe urefu wenyewe, maana kwetu neno «mlima» linatupa picha nyingine. Sisi watu wa Goma tunaishi kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari. Waliopanda Nyiragongo, mita 3,470, wanajua namna kichwa kinavyouma na pumzi inavyokatika karibu na ukingo. Kilele kirefu kuliko vyote katika nchi yetu ni Margherita, katika milima ya Rwenzori mpakani na Uganda: mita 5,109. Sasa, kambi ya chini ya Everest, upande wa Nepal, iko kwenye mita 5,364. Yaani mpandaji anaanza kazi akiwa tayari juu kuliko mahali pa juu kabisa pa Kongo, na bado anabakiwa na karibu mita 3,500, kwa kuwa kilele kiko kwenye mita 8,849.

Wengi hufikiri kwamba oksijeni huisha huko juu. Sivyo. Hewa ya kileleni ina sehemu ile ile ya oksijeni kama hewa ya hapa ziwani, asilimia 21 hivi. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kwenye kilele cha Everest mgandamizo ni kama theluthi moja ya ule wa pwani ya bahari, kwa hiyo kila pumzi inaingiza kama theluthi moja ya oksijeni ambayo mtu wa pwani anaipata bila hata kufikiri. Mtu akitolewa pwani na kuwekwa pale ghafula, atazimia baada ya dakika chache.

Wapandaji wanaweza kufika kwa sababu mwili hujifunza. Wanakaa wiki nyingi wakipanda kidogo na kushuka, wakipanda tena na kushuka tena, na damu inaongeza chembe nyekundu zinazobeba oksijeni. Lakini kujifunza huko kuna mwisho. Kupita mita 8,000 mwili hauzoei tena, unaanza kujila. Chakula hakipiti, usingizi si usingizi, na kila saa inayopita ni ya hasara hata kama mtu ameketi tu. Ndiyo sababu wapandaji wenyewe wanaita sehemu hiyo ukanda wa mauti. Chupa ya oksijeni haiondoi hatari, inamrudisha mtu chini kidogo, kama vile mlima umepunguzwa urefu. Reinhold Messner na Peter Habeler ndio waliokuwa wa kwanza kufika bila chupa, mwezi wa Mei 1978, na kabla yao kulikuwa na waganga waliodhani kwamba haiwezekani. Tangu wakati ule, kati ya maelfu ya watu waliofika, waliofika bila chupa ni mia mbili na kitu.

Kuna magonjwa mawili ya urefu yanayoua haraka. La kwanza linajaza mapafu maji. La pili linavimbisha ubongo, na hilo ndilo lililotusimamisha tulipolisoma. Mtu mwenye ugonjwa wa pili hutembea kama mlevi. Anaweza kuona watu wasiokuwepo, kuvua koti katika baridi kali, kuketi na kukataa kusimama. Anaweza kumkasirikia yule anayetaka kumsaidia.

Basi mtu aliyesoma kwamba Kirui alikataa chupa asikimbilie kusema «kiburi», kama tulivyosikia wengine wakisema. Uamuzi wa kupanda bila chupa aliufanya chini, akiwa mzima, na hatari zake alizijua na kuziandika hadharani kabla ya kwenda. Juu ya uamuzi huo kila mtu anaweza kuwa na maoni yake, na sisi pia tunayo mashaka yetu: tumezika watu wengi mno waliotaka tu kuishi, hata ni vigumu kwetu kuelewa anayekwenda kuutafuta ukingo wa uhai kwa hiari. Lakini «hapana» inayosemwa karibu na kilele ni jambo jingine. Ubongo uliokosa hewa unaweza kukataa kitu ambacho mwenye ubongo huo, kama angekuwa nyumbani kwake, angekipokea kwa mikono miwili.

Na mbele ya «hapana» hiyo, Nawang alibaki.

Mara nyingi tunarudi kwenye jambo hilo. Washerpa ni watu wa milima ya mashariki ya Nepal. Kazi ya kuongoza na kubeba mizigo juu ya Everest imewalisha kwa miaka zaidi ya mia moja. Ndio wanaofunga kamba, wanaoweka ngazi juu ya nyufa za barafu, wanaopandisha mahema na chupa. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka na kuua wafanyakazi 16 wa Nepal kwa mara moja, walipokuwa wakiandaa njia kwa ajili ya wageni. Kiongozi anayeona mteja wake hataki kurudi, kwenye urefu kama ule, hawezi kumbeba mgongoni. Nguvu zinazomtosha mtu huko ni za kujiinua mwenyewe tu. Anaweza kushuka ili aokoke. Anaweza kukaa na kuendelea kumsihi.

Kwa nini hawamteremshi

Turudi sasa kwa swali la kijana. Wengi kwenye kilio kile walisema: si watume helikopta? Helikopta huruka kwa kusukuma hewa, na hewa nyepesi haina la kusukuma. Kwa kawaida wagonjwa wa Everest huchukuliwa kutoka kambi ya pili, kwenye mita 6,400 hivi. Kutoka karibu na kilele hadi pale ni kazi ya mikono na kamba. Maiti iliyoganda ni nzito kuliko mtu hai, imeshikana na barafu, haikunjiki, na inahitaji Washerpa kadhaa walio tayari kukaa muda mrefu katika ule ukanda tuliousema. Gharama inafika makumi ya maelfu ya dola. Lakini fedha siyo neno kubwa hapa.

Neno kubwa ni lililotokea mwaka 1984. Miaka mitano kabla yake, mwanamke Mjerumani aitwaye Hannelore Schmatz alifika kilele na akafa akiwa njiani kushuka. Mwili wake ulibaki karibu na njia, na wapandaji waliupita mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1984 afisa wa polisi wa Nepal, Yogendra Bahadur Thapa, na Msherpa aitwaye Ang Dorje walipanda wakijaribu kuurudisha. Wote wawili walianguka wakafa. Kilio kimoja kilizaa viwili.

Siku hizi vifaa vimekuwa bora, na miili kadhaa imeshushwa; mwaka 2024 wenyewe jeshi la Nepal, pamoja na kukusanya takataka, lilishusha miili minne na mifupa ya mtu mmoja kutoka Everest na milima jirani. Hata hivyo, kati ya watu zaidi ya 300 waliokufa Everest tangu miaka ya 1920, inakadiriwa kwamba kama 200 bado wako huko.

Familia ya Kirui ilishauriana na wapandaji wenzake na watu wanaojua kazi hiyo, kisha ikatangaza kwamba hatashushwa. Sababu waliyoitoa ni kwamba hawakutaka kuhatarisha uhai wa mtu mwingine. Walisema pia kwamba anapumzika mahali alipopapenda.

Tuliwasomea hayo wazee wa kanisa wiki chache baadaye. Yule mzee aliyesema juu ya mtoto anayelala nje alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza ni watu wangapi wangehitajika. Tukamwambia, sita, pengine kumi. Akasema: «Basi kumi hao nao wana mama.»

Wapandaji wanavyolia

Tulidhani kwamba watu wanaopenda hatari hawalii sana. Hilo nalo tulikosea. Wapandaji wanajuana kuliko tunavyofikiri: mtu uliyefungwa naye kamba moja umemkabidhi uzito wako wote, na ameshika. Habari za kifo cha Kirui zilitangazwa kwa Wakenya wengi na mpandaji mwenzake, James Muhia, na kwa siku nyingi waliopanda naye waliendelea kuweka picha zake za Mlima Kenya na kusimulia nani alifundishwa naye kufunga fundo gani. Kwetu tungesema walikuwa wamekaa kilio, ila bila kiti wala moto.

Huko Nepal kwenyewe, njia ya kwenda kambi ya chini inapita mahali paitwapo Thukla. Mgeni hupanda mwinuko mkali akihema, na anapofika juu anakuta uwanda uliojaa minara ya mawe. Kila mnara umejengwa kwa ajili ya mtu aliyekufa mlimani, Washerpa na wageni, na vitambaa vya maombi vya rangi tano vinapigwa na upepo kati yake. Chini ya minara hiyo hamna miili. Ni majina tu, na mawe yaliyopangwa kwa mkono. Yeyote anayekwenda Everest kwa njia hiyo lazima apite kati ya waliokufa kabla ya kuuona mguu wa mlima.

Washerpa wengi ni Wabudha. Kabla ya kupanda, lama huongoza maombi kambini na moshi wa mberoshi hupanda. Mtu anapokufa, maombi na taa za siagi huendelea hadi siku ya 49. Hatushiriki imani hiyo, lakini hesabu ile ya siku tumeitafakari. Inawapa waliobaki mwanzo na mwisho wa kilio, hata pale ambapo hakuna mwili wa kuzunguka.

Na kuna habari ya George Mallory na Andrew Irvine, Waingereza waliopotea karibu na kilele mwezi wa Juni 1924. Mallory alikuwa mwana wa mchungaji. Familia zao zilifanya ibada bila miili, mjane wa Mallory na wazazi wakazeeka wakafa. Mwaka 1999 kundi la wapandaji liliukuta mwili wa Mallory kwenye mita 8,155 hivi, umehifadhiwa na baridi baada ya miaka 75. Hawakumshusha. Wakiwa katika hewa ile ile ya kuua, ambapo kila jiwe la kuinua ni pumzi ya kupoteza, walikusanya mawe wakamfunika, wakasoma Zaburi. Irvine alisubiri zaidi: mwaka 2024, chini kwenye barafu inayotiririka polepole, ulionekana mguu mmoja ndani ya kiatu, na soksi iliyoshonwa jina lake. Jamaa zake walitoa vipimo vya damu ya ukoo, na mwanzoni mwa mwaka 2025 ikahakikishwa kwamba ni yeye. Miaka 100, na bado kulikuwa na mtu wa ukoo aliyetaka kujua.

Hapo ndipo tulipoona kosa la maneno yetu. «Udongo ni udongo mahali popote.» Wapandaji wale hawakumwona Mallory kuwa udongo, ndiyo maana walipoteza pumzi zao kwa ajili ya mawe. Maandiko yetu nayo, yanaposimulia kifo cha Musa huko nchi ya Moabu, yanasema wazi kwamba kaburi lake halijulikani, na papo hapo yanasema kwamba watu walimlilia siku 30. Tulikuwa tumelihubiri fungu hilo mara nyingi, tangu shule ya theolojia, na hatukuwahi kuona kwamba mambo hayo mawili yamewekwa pamoja: hakuna kaburi, na kilio kamili chenye siku zake.

Tulikwenda kumwona yule mama. Tulimwomba msamaha kwanza, naye alitupa viti na chai kama vile hatujakosa. Alituambia kwamba tangu mumewe apotee hajawahi kukubali watu waje kukaa kilio, kwa sababu kukaa kilio bila maiti aliona ni kumwua yeye mwenyewe kwa mkono wake. Kila boti ikifika bandarini jioni alikuwa bado anatazama. Watoto wamekua wakimwona anatazama.

Hatukumshauri chochote. Tulimsimulia tu: kambi, hewa, minara ya Thukla, mawe ya Mallory, uamuzi wa nyumba ya Kirui. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza neno ambalo hakuna hata mmoja aliyeliuliza kwenye kilio kile.

«Na yule aliyebeba chupa, alipatikana?»

Tukamwambia hapana.

Akauliza jina lake. Tulilitaja mara mbili, naye akalirudia polepole mpaka lilipomkaa mdomoni. Nawang.

Jumapili iliyofuata, wakati wa maombi ya kanisa, wamama walipoitwa kutaja wahitaji wao, alisimama akataja familia mbili, ya Kenya na ya Nepal. Kisha akataja jina la mumewe, akawaomba watu waje nyumbani kwake siku ya Alhamisi, walete na mikeka. Shemeji zake wameanza kupanga mawe nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la mama mkwe, upande unaotazama ziwa.